Nimechukua mbwa wa miezi kumi, anakula mpaka sare za wateja. Nimebakiwa na wiki tatu

Uzi na Sindano

Salaam wakuu.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani hapa Moshono, Arusha. Mwezi uliopita mteja wangu mmoja wa Njiro alihamishiwa Dodoma kikazi, akawa na mbwa hana pa kumpeleka. Nikajifanya nina huruma. Nikasema mleteni, uzio ninao, na vibaka wa huku wamezidi. Mbwa mwenyewe chotara, mama yake Jemani Shepadi, baba hajulikani. Kwenye mizani ya duka la dawa za mifugo ametoka kilo 24. Huko alikotoka alikuwa anashinda kwenye mnyororo nyuma ya stoo, anafunguliwa usiku. Jina lake Tingatinga, watoto wamelikata, wanamwita Tinga.

Siku tatu za kwanza mngesema malaika. Kalala chini ya mparachichi, anatuangalia tu. Nikatuma mpaka picha kwenye grupu la ukoo. Siku ya nne akazinduka.

Mtu yeyote akiingia getini, miguu ya mbele kifuani. Anang'ata mikono, si kwa hasira, anacheza, lakini meno ni meno, mwanangu wa mwisho ana alama hadi kwenye kiwiko. Nikimtoa na kamba ananiburuza mpaka makonda wa daladala wananishangilia. Akichomoka, unaita Tinga, Tinga, anageuka, anakuangalia vizuri kabisa usoni, halafu anaondoka. Na ikigonga saa kumi na mbili jioni anapandwa na kitu: anazunguka nyumba kama bodaboda aliyeona trafiki, na nguo kwenye kamba anazishusha.

Jumanne kala sare. Mashangazi kumi na wawili wa send-off, kitenge kimoja, vyote nimeshakata. Nimeingia ndani kupokea simu, natoka, mkono wa kushoto wa shangazi mkubwa uko mdomoni kwake. Nimezunguka Soko Kuu, nimezunguka Kilombero, kitenge kile hakipo. Ikabidi shangazi mkubwa ashonewe mikono mifupi, na mwenyewe anaamini ni fasheni.

Lakini kilichonileta hapa ni cha Ijumaa. Jirani yetu, mzee wa heshima zake, alikuwa anapita kwenda msikitini, kanzu nyeupe imenyooshwa pasi. Geti halikuwa limefungwa sawasawa. Tinga akamrukia, akamlamba mpaka kidevuni. Mzee hakupiga kelele. Alisimama, akaitazama kanzu, akageuka kurudi kwake taratibu. Nilitamani ardhi ipasuke. Tumeenda na mume wangu kuomba radhi, ametupokea, ila habari zimemfikia mwenye nyumba na amenipa mpaka mwisho wa mwezi: mbwa atulie au aondoke.

Watoto wanakimbia naye kila asubuhi mpaka karibu na Kijenge na kurudi, hachoki. Nimempiga kandambili, anadhani ni mchezo, anaichukua. Naombeni msaada, sitaki kumrudisha kwenye mnyororo.

chalii wa Sanawari

Mbwa anayemla shangazi mkubwa wiki ya send-off ana ujasiri kuliko bwana harusi. Nimevuta kiti, nasubiri wajuzi.

Mzee wa Getini

Mchana mnyororo, usiku mfungulie, changanya pilipili kwenye ugali wake. Nimefuga tangu miaka ya tisini na hakuna mbwa wangu aliyewahi kumlamba mtu. Hizo za kukimbia na mbwa asubuhi ni za wazungu wa Ilboru.

Kibo na Mawenzi

Mzee wa Getini shikamoo. Pilipili inamchoma tumbo, haimfundishi kitu. Na mbwa aliyekulia mnyororoni hajui tofauti ya mwizi na mtoto anayefuata mpira wake.

Dada Uzi, mimi niko Moshi, Rau. Nimeshika kamba za mbwa wa ulinzi miaka kumi na moja, maghala mpaka majumba ya Shanty Town, na wengi waliletwa kwetu wakiwa na umri huohuo wa Tinga. Ndio umri ambao wenye mbwa huchoka. Kitoto cha mbwa cha miezi mitatu kila mtu anakipenda. Kuanzia miezi sita hivi mpaka mwaka na nusu, na kwa hawa wenye damu ya Shepadi hata miaka miwili, ni balehe. Kuna watafiti wa Uingereza walichapisha kazi yao mwaka 2020: waliwaambia mbwa wakae, wakiwa na miezi mitano na tena wakiwa na miezi minane. Kwenye miezi minane walimsikiliza mgeni, lakini anayewalea wakamgomea. Sasa hebu niambie kama hujawahi kuona kijana wa kidato cha pili. Kwa hiyo akikuangalia usoni halafu akaondoka, usichukulie kama dharau. Itapita, ila atakachokizoea sasa ndicho atakachobaki nacho.

Kosa lako la kwanza ni hizo mbio. Unachosha miguu ambayo kila siku inazidi kupata nguvu. Ukiendelea hivyo, ikifika Kili Marathon njoo naye huku Moshi tumsajili. Punguza. Mtoe matembezi ya taratibu, umwache anuse. Mbwa akinusa nguzo moja kwa dakika mbili anafanya kazi kubwa kichwani kuliko kukimbia kilomita, na ukirudi naye utamwona anatafuta pa kulala.

La pili, bakuli. Ondoa bakuli. Chakula chake cha siku nzima kigawe. Asubuhi mwaga dagaa na vipande vya ugali mkavu kwenye majani, ajitafutie kimoja kimoja. Mchana chukua boksi kuukuu, weka vipande vya vitambaa (fundi hukosi), chakula ndani, funika, mpe alichane. Atachafua. Afadhali achane boksi kuliko shangazi. Kinachobaki kiweke mfukoni mwako, ndio mshahara wa masomo.

Hiyo saa kumi na mbili ni usingizi. Mbwa wa umri huu anatakiwa alale sehemu kubwa ya mchana, na nyumba yenye cherehani, wateja na watoto hailaliki. Anafanana na mtoto wa miaka miwili aliyekosa kulala mchana, anavyofika jioni analia hata akipewa soda. Mtafutie kona yenye kivuli, tandika gunia, weka kizuizi, na kuanzia saa saba mpaka saa tisa hakuna anayemsogelea. Iwe sehemu ya raha. Ukimpeleka pale kwa hasira hata mara moja, inakuwa mahabusu na atakataa kuingia.

Kuruka: anaruka kwa sababu inalipa. Ukimsukuma kwa mikono, kwake umecheza. Ukipiga kelele, umeshangilia. Kandambili ndio kabisa. Akiruka, geuka uwe nguzo: mikono kifuani, macho pembeni, mdomo kimya. Miguu yote minne ikigusa chini, hapohapo, dagaa mmoja, tena mpe chini karibu na kifua chake, sio juu. Dagaa asipofika ndani ya sekunde moja au mbili, mbwa atadhani analipwa kwa kitu kingine. Na lazima iwe nyumba nzima. Wewe ukigeuka nguzo halafu mwanao akamkumbatia akiruka, umempa bahati nasibu, na hakuna kinachomshika mchezaji kama bahati nasibu.

Kamba: ikikaza, simama. Ikilegea, tembea. Basi. Usiivute.

Kuitwa: hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Mbwa katoroka nusu saa, umemwita, hatimaye kaja, unampiga. Unajua umefundisha nini? Kwamba kurudi kunauma. Mbwa haunganishi kofi la sasa na kosa la nusu saa iliyopita, anaunganisha na alichokuwa anafanya sekunde ileile, nacho ni kukujia. Nunua kamba ya manila mita kumi, mfunge, tembea naye uwanjani. Ita mara moja: Tinga, njoo. Asipokuja usirudie kama muuza samaki. Vuta umakini wake, rudi nyuma hatua tatu, chuchumaa. Akifika, mpe kitu kizuri, halafu mwachie aende tena. Hilo la kumwachia ndilo wengi wanalisahau, mbwa anaona kila akija starehe zimeisha.

Masomo dakika tano, mara tatu kwa siku, zaidi ya hapo mnaudhiana. Na kubalianeni maneno. Nimewahi kupewa mbwa ambaye baba anamwambia "kaa", watoto wanamwambia "sit", dada wa kazi anamwambia "wee!". Wote wakaniambia mbwa ana kichwa kigumu.

Uzi na Sindano

Kaka Kibo, aika mbe. Nimesoma mara mbili na nimemsomea mume wangu. Hilo la maneno ni sisi kabisa, hapa mimi nasema "shuka", mume wangu anasema "toka", watoto wanasema "Tingaaa" tu.

Swali: na meno? Mtoto amfanyie nini?

Kibo na Mawenzi

Mchezo unaisha. Jino likigusa ngozi, mtoto anasimama, anaondoka, sekunde ishirini, anarudi. Na mtoto mdogo asiachwe naye peke yake hata kama mnampenda vipi. Mpe cha kung'ata: kamba nene yenye mafundo, au mfupa mbichi wa goti la ng'ombe.

Daktari wa Kupe

Niko Usa River, kazi yangu mifugo. Wenzangu wameongea vizuri, naongeza machache kabla hamjafika mbali.

Mleta mada hujagusia chanjo. Mtafute yule mteja wa Dodoma akutumie kadi. Kama hana kadi, hesabu kwamba hajachanjwa, anza upya. Ya kichaa cha mbwa inaanza akiwa na miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka. Ugonjwa huo dalili zikishatokea hakuna dawa, kwa mtu wala kwa mbwa. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba na karibu na hapo kampeni za chanjo huwa nyingi, lakini wewe usisubiri Septemba. Na mbwa yeyote akimng'ata mtu na kumtoa damu, hata huyo wenu mpendwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali. Msipake majivu wala pilipili.

Kupe: hasa masika, mwangalie kila jioni masikioni na katikati ya vidole. Nimeletewa mbwa waliopakwa oili chafu, mafuta ya taa, dawa ya josho ya ng'ombe kwa kipimo cha kukisia. Wengine niliwaokoa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano, msimpe. Mabaki ya pilau yenye vitunguu pia msimpe.

Kuhasi kutampunguzia kutoroka akinusa jike, ila hakumfundishi adabu. Wapo wanaokuja kwangu wakidhani nitakata na tabia.

Mzee wa Getini, kwa heshima, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mnyororo wa kutwa nzima unaweza kukupeleka pabaya.

Mzee wa Getini

Marahaba Kibo. Daktari, sheria naijua. Mbwa wangu watatu, na hakuna aliyekula kitenge. Haya endeleeni.

Hali Halisi

Kuna watu humu hawajagusa nyama tangu Krismasi, nyie mnamlipa mbwa mshahara wa dagaa. Dunia imeisha.

Uzi na Sindano

Dagaa wa elfu moja wananifikisha wiki. Ni walewale niliokuwa nammwagia juu ya ugali anameza bila kutafuna. Sasa anawafanyia kazi kama sisi wote.

Abu Swalha

Assalam alaykum. Mimi naomba niongee upande wa yule mzee, maana naona mmemruka.

Dada, huenda unadhani alikasirika kuchafuliwa. Tope lingemwagikia kanzu angelifuta, angeenda. Mate ya mbwa kwetu sisi tunaofuata Shafii ni najisi nzito, panaoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Ijumaa, karibu na khutba, hana muda wa kuosha, kubadilisha na kufika. Umemkosesha Ijumaa. Kumfuga mbwa wa kulinda hakuna shida, hata sisi inaruhusiwa kwa ulinzi, mifugo na uwindaji, kwa hiyo hajakuombea ufukuzwe.

Ushauri wangu ni mdogo na hauhitaji dagaa: weka komeo la pili kwenye geti, upande wa juu. Ijumaa kuanzia saa sita mpaka saa nane mbwa awe kwenye hilo gunia lake. Na wewe ukimwona mzee anapita, msalimie kutoka ndani, ajue umeona. Hilo tu.

Uzi na Sindano

Wa alaykum salaam Abu Swalha. Sikujua hilo la mara saba. Nimenyamaza kidogo hapa. Komeo linawekwa leo, mume wangu ameshatoka kwenda kununua.

Panya Buku

Mnaobisha kuhusu mshahara: njooni Morogoro pale chuo cha SUA mwone shirika la APOPO wanavyofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Panya anasikia mlio wa "tik", anajua kapatia, anapata ndizi. Hakuna panya anayepigwa kandambili. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Ikiwa panya anaelewa, huyo wa kilo 24 anashindwaje?

chalii wa Sanawari

Panya ana medali, mimi sina hata cheti cha kuhudhuria. Endeleeni.

Uzi na Sindano

Wakuu, siku ya kumi leo. Sidanganyi, amezidi. Nageuka nguzo kama nilivyoambiwa, anaruka mara mbili zaidi, jana amenichana sketi kwa nyuma. Kulala mchana amekubali, kwenye gunia anakoroma kabisa, na ule wazimu wa jioni umepungua nusu. Lakini kuruka! Mume wangu anasema uzi huu ni wa kitapeli.

Kamba ndio kichekesho. Jumamosi kutoka getini mpaka dukani kwa mangi, mwendo wa dakika tatu, tumetumia dakika ishirini na tano. Hatua mbili, kamba imekaza, nasimama. Hatua moja, nasimama. Kuna mama mmoja alinipita akienda gengeni, akanipita tena akirudi na mafungu yake ya nyanya, mimi niko nguzo ileile. Mangi akaniuliza kama nimedondosha hela.

Kibo na Mawenzi

Mwambie shemeji asubiri siku tano. Mlango uliozoea kufunguka, siku ukigoma unaanza kwa kuusukuma bega kabla hujakubali kwamba umefungwa. Tinga yuko kwenye kusukuma bega. Hapa ndipo wenye mbwa wengi wanakata tamaa, wanamsukuma, na mbwa anajifunza kwamba akizidisha, inalipa. Ukilegea sasa umemfundisha kuruka juu zaidi.

Vaa sketi ya zamani.

Uzi na Sindano

Sawa. Nimemvalia dera.

Mpita Njia Pasua

Na mimi ninaye wa mwaka mmoja, anachimba. Bustani imekuwa handaki. Nae ni balehe?

Kibo na Mawenzi

Balehe na upweke. Moshi hii ya Januari pia anatafuta ubaridi, huko chini udongo una baridi. Mpe kona moja ya kuchimba, fukia mifupa hapo, akichimba kwingine mwongoze pale. Kivuli na maji asikose.

Uzi na Sindano

Mrejesho, maana nyuzi nyingi humu mleta mada akishapona anapotea.

Chanjo amepata, kadi mpya ninayo. Siku ya kumi na nne kuruka kulikatika kama mtu aliyezima redio. Sio kwa wote. Kwangu na mume wangu hagusi, kwa watoto anasahau wakija mbio, kwa wageni bado namshika kamba na kumwambia "kaa" kabla geti halijafunguka. Kuitwa, akiwa na ile manila anakuja mara nane kwa kumi. Bila manila sijaribu, paka wa jirani bado ana nguvu kuliko mimi.

Ijumaa iliyopita sikumfungia. Nilifikiri sana, lakini nilitaka kujua. Komeo zote mbili nimeziweka, nimesimama naye ndani ya geti, kamba fupi, dagaa mkononi. Mzee akatokea kwenye kona na kanzu yake. Tinga akainuka. Nikasema "kaa", mara moja. Akakaa. Mkia ulikuwa unafagia vumbi kulia kushoto, na sikio moja lilisimama, lingine limelala, mwili mzima unatetemeka kama cherehani iliyopandishwa mota. Nilimsalimia mzee kwa ndani kama Abu Swalha alivyosema. Alisimama upande ule wa barabara, akamtazama Tinga kwa muda, akasema, "Leo amekaa kama mtu." Akaenda zake.

Mwenye nyumba alikuja juzi kuchukua kodi. Amekunywa chai uani, Tinga kwenye gunia. Ameongeza mwezi mmoja, na anasema ataangalia.

Kasoro hazijaisha. Jana kameza futi ya kupimia, kuanzia inchi arobaini mpaka mwisho. Daktari wa Kupe, imetoka asubuhi yote, msiulize zaidi.

Daktari wa Kupe

Ikitoka yote una bahati. Kitu kirefu kama uzi au futi kikikwama utumboni ni upasuaji. Akitapika au akikataa kula ndani ya siku hizi mbili, mlete haraka. Na ficha vifaa vyako, mama.

chalii wa Sanawari

Mimi nimebaki na swali moja tu tangu ukurasa wa kwanza. Shangazi mkubwa je?

Uzi na Sindano

Amerudi na wenzake wawili. Wanataka mikono mifupi ileile.